Bonyeza Mara Moja, Ungoje

"Mama Térence, kama barua iko mule ndani ya mashine, kwa nini hauisomi?"

Alida alikuwa na miaka tisa alipouliza swali hilo, na aliliuliza jinsi watoto wa umri huo wanavyouliza, mdomo umejaa hindi la kuchoma na macho yakiwa kwenye jambo lingine. Jambo lenyewe lilikuwa tumbo la kompyuta. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mtaa wa Base Camp katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na Mama Térence alikuwa ameilaza kompyuta yake ubavu juu ya meza, amefungua bati la pembeni, anapangusa vumbi kwa brashi ndogo ya kunyolea ndevu ambayo mpini wake ulizungushiwa waya mwekundu wa umeme, mzunguko baada ya mzunguko, kama bangili.

Mama Térence aliendelea kupangusa. Brashi ilipita kwenye meno ya feni, ikaingia kwenye pembe, ikatoka nyekundu. Kisha akamsukumia mtoto pampu ya baiskeli.

"Pampu pale. Polepole. Hiyo feni uizuie na kidole, isizunguke."

Alida aliweka hindi chini, akazuia feni kwa kidole, akapampu. Vumbi liliruka, wakapiga chafya wote wawili, wakatazamana, na swali likapotelea mle mle kwenye vumbi. Alida hakulikumbuka tena siku ile. Mwenzake alilikumbuka.

Jina lake la ubatizo ni Godeberthe, lakini pale Base Camp hata karani wa ofisi alimwita Mama Térence. Alitoka Burundi mwaka wa 2015 na mtoto wake mmoja, baada ya kupotezana na mumewe njiani, na Nakivale wakampa kiwanja kinachopakana na cha mama yake Alida, Léoncie. Kwao alikuwa mkulima wa maharage. Shule aliiachia darasa la sita. Hakuna aliyetegemea kwamba mwanamke yule mwenye vidole vinene vya jembe angekuja kukaa nyuma ya meza yenye kompyuta, anawachapia watu barua za maombi kwenda ofisini: barua ya kuomba mahema mapya, ya kulalamikia mgao, ya kuuliza faili la safari ya Canada limefikia wapi.

Aliyemkalisha pale ni Térence. Kijana alikuwa amepata kazi Mbarara, dukani kwa mtu anayeitwa Conrad, askari mstaafu aliyekuwa fundi wa redio jeshini na sasa anatengeneza kompyuta karibu na kambi ya wanajeshi. Wateja wake wengi walikuwa askari na wake zao, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha paredi. Mambo ya kutunza mashine alimfundisha Térence kwa namna moja tu.

"Kompyuta na bunduki, kitu moja," alikuwa akisema. "Wewe nasafisha, yeye nasikia wewe. Wewe naacha uchafu, siku ya kazi yeye naacha wewe."

Siku moja ofisi fulani ya mjini ilitupa kompyuta yake ya zamani, sanduku zito la rangi ya maziwa yaliyochacha, na Conrad akampa Térence. Kijana aliitengeneza mwezi mzima, akaileta Nakivale imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa, akaiweka mezani kwa mama yake. Akamfundisha herufi moja moja. Barua nyingi zilikuwa za Kiingereza, lugha ambayo mama hakuijua. Watu walimletea zimeandikwa kwa mkono naye akanakili herufi kwa herufi, bila kuelewa neno, na mara chache sana alikosea. Kwa vile yeye mwenyewe alishinda Mbarara, Térence alimwandikia daftari zima la maagizo kwa Kirundi, kila hatua na mchoro wake wa kalamu ya buluu: chomoa waya kwanza, fungua hapa, usiguse vyuma hivi kabla hujagusa bati, ukiwasha ikapiga kelele tatu, toa hiki kijiti, sugua meno yake ya dhahabu na ufutio wa penseli, kirudishe, feni ikilia tia tone moja la mafuta ya cherehani, tone moja, Mama, si mawili.

Ukiiwasha, mashine ile ilikuuliza kwanza wewe ni nani. Ilikuonyesha majina na picha ndogo, na kila mmoja alikuwa na mlango wake. Zamani walikuwamo watatu. Wa kwanza juu alikuwa Bob, karani wa ile ofisi ya kwanza, mtu ambaye hawakumwona maishani mwao, picha yake mpira. Chini yake Térence, picha yake bata wa njano. Chini kabisa Godeberthe, ua. Bob aliondolewa baadaye. Daftari lenyewe lilisema aondolewe kwa sababu anakula nafasi bure. Wakabaki bata na ua.

Mwezi wa saba mwaka wa 2018 ilifika habari kwamba mtu mwenye jina la baba yake Térence ameonekana katika kambi moja ya Tanzania. Térence alisema anaenda kutazama. Hakuwa na karatasi za kupitia darajani, kwa hiyo angeteremka Kikagate, mpakani, avushwe mto kwa mtumbwi kama wanavyovuka wengi, na wiki mbili baadaye awe amerudi, na baba au bila baba. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na kibegi begani. Léoncie alikuwa pale pale anapepeta unga, ndiyo maana maneno yale yalikuja kujulikana na mtaa mzima.

"Mama, nimekuandikia barua. Iko kwangu, mule kwa bata. Neno la kuingilia nimeshakuambia. Kama nimekawia mpaka ukaanza kuhesabu miezi, uifungue. Lakini kabla hapo usiisome, utanicheka."

"Nitakuchekea nini?"

"Utacheka tu."

Akaenda.

Wiki mbili zikapita, zikawa mwezi. Simu yake haikuita. Miezi ikawa miwili, ikawa minne, na majirani wakaanza kuuliza kwa adabu, kisha bila adabu, kama amekwisha kuisoma barua. Mama Térence aliwajibu wote neno moja: "Akirudi atanisomea mwenyewe." Watu walilielewa jibu hilo kwa namna yao. Barua ya mtu aliyekawia, ukiifungua, umekubali kwamba amekawia. Basi akaachwa na bata wake. Ukipita Jumamosi unamkuta amefungua sanduku, anapangusa, na wapita njia walisema yule mama anatunza mashine kwa sababu ya kilichomo. Mashine ikifa, barua imekufa nayo. Mtaa mzima ukawa unasikiliza afya ya ile kompyuta kama afya ya mjamzito. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, Léoncie huko jikoni anauliza, "Imeamka?"

Iliamka. Ilichukua muda wa kuchemsha chai, lakini iliamka. Alida, aliyekuwa anakua kando yake, alikuja kuijua milio yake yote: mlio wa feni kavu, mlio wa sahani ya ndani inayozunguka, mlio wa kukoroma inapofikiri. Alijifunza kwamba dirisha linalotazama barabara lifungwe lori linapopita. Alijifunza kwamba flashi ya mtu haichomekwi hovyo, hata ya mwalimu, hata ya katekista. Na alijifunza sheria moja iliyokuwa juu ya sheria zote, ambayo haikuandikwa kwenye daftari la Térence: bonyeza mara moja, halafu ungoje.

Juu ya sheria hiyo Mama Térence hakuwa na utani. Mzee mmoja Mkongomani, mrefu, mwenye kofia ya sufu hata mchana wa jua, alikaa siku moja mwenyewe kwenye kiti cha wateja atafute barua yake ya mwaka jana, na kidole kikaanza kumcheza.

"Mama, hii mashine yako inasinzia. Bananywesha yeye pombe?"

"Bonyeza mara moja, baba. Ungoje."

"Niko nangoja tangu mwaka wa elfu mbili na nane, huko kwenye ma-ofisi. Sasa nangojea na kompyuta?"

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka mmoja akamwaga maziwa. Mama Térence hakucheka. Aliushika mkono wa mzee yule kwenye kifundo, akauinua, akauweka pajani mwa mzee mwenyewe kama anavyowekwa mtoto mchanga kitandani, na kipanya akakisogeza mbali.

Alida naye aliwahi kuonja sheria hiyo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, anachapa kazi yake ya shule, skrini ikaganda, naye akabonyeza mara mbili, tatu, nne, bila hata kufikiri. Kofi lilikuja kwenye mkono wake kabla hajajua limetoka wapi. Mama Térence hakuwa amewahi kumpiga, si yeye wala mtoto wa mtu. Alida alishika mkono wake akangoja angalau atukanwe, ajue kosa lina ukubwa gani, lakini Mama Térence alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba penye kamba ya nguo, akakaa huko mpaka kazi ya shule ikawa imefunguka yenyewe. Aliporudi alisema, "Umekula?" na hawakulisema tena.

Muzamiru aliingia mwaka wa 2024, wakati wa likizo ya mwezi wa nane. Alikuwa mfanyabiashara wa maharage wa Kikagate, Mganda mnene mwenye sauti ya upole, amekuja Base Camp kutafuta wanunuzi na anataka barua ya kujitambulisha ofisini. Ilikuwa Jumamosi. Bati la mashine lilikuwa limerudishwa muda si mrefu na brashi ilikuwa bado mezani. Alida, ambaye sasa ana miaka kumi na mitano, alikuwa anamsomea Mama Térence ile barua herufi kwa herufi, maana mwandiko ulikuwa umefifia.

Muzamiru aliichukua brashi, akaigeuza.

"Mama, hii nani alifanya?"

"Mtoto wangu."

"Hii waya mwekundu, yeye alifunga?"

"Ni yeye."

"Alifunga ngapi?"

Mama Térence aliacha kuchapa. "Mbili. Moja yangu, moja yake."

Muzamiru aliirudisha mezani kwa uangalifu, mpini ukielekea kwa mwenyewe. Akavua kofia yake.

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa," Mama Térence akasema. Na kweli alikuwa amekaa.

Akaeleza. Hakuzungukazunguka, na hilo Alida alikuja kumshukuru baadaye. Mwaka ule wa 2018, mwezi wa saba, mtumbwi ulipinduka mtoni usiku, maji yakiwa na nguvu. Siku ya pili watu wa upande mto unakoteremkia walikuta miili miwili kwenye matete. Hakuna aliyejua majina yao. Waliwazika pale juu ya ukingo, yeye Muzamiru akiwa mmoja wa wachimbaji, na kwa vile ni Mwislamu na hakujua marehemu walikuwa dini gani, kila mmoja aliomba kwa njia yake. Katika mfuko wa suruali wa mmoja wao, kijana, hakukuwa na kitambulisho, labda mto ulichukua. Kulikuwa na brashi tu, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni ili isilowe. Haikuwa imelowa. Akaichukua. Miaka yote anaisafishia redio yake.

"Mimi sikuiba, Mama. Niliona mtu amefunga kitu vizuri, nikasema, haiwezi kuingia kwa udongo."

Mama Térence aliuliza jambo moja. "Ilikuwa siku gani?"

"Ijumaa usiku. Nakumbuka, nilitoka kwa swala."

"Aliondoka Ijumaa," akasema, si kwa Muzamiru, si kwa Alida. "Ijumaa asubuhi." Akahesabu kitu kisichohesabika kwa vidole. Kisha akageukia skrini. Barua ya Muzamiru ilikuwa imebaki mistari mitatu. "Soma," akamwambia Alida. Alida alisoma, na Mama Térence akachapa mistari mitatu ile yote, bila kosa, akabonyeza mara moja, akangoja mpaka karatasi ikatoka. Alipomkabidhi Muzamiru, ndipo alipoanguka. Léoncie alisikia kishindo toka jikoni akadhani ni umeme.

Warundi wana matanga mara mbili. Ya kwanza ni ya kilio. Ya pili, wanayoyaita kuganduka, huja baadaye, hata mwaka, na hayo ndiyo yanayofunga. Watu hukaa, hunywa, na msemaji wa familia husimama kutaja mbele ya wote marehemu aliacha nini: mke, watoto, shamba, neno. Kinachotajwa siku ile kimetajwa. Baada ya hapo marehemu hasemewi tena. Msemaji wa Mama Térence alikuwa Nehemiya, binamu wa mumewe anayekaa upande wa pili wa kambi, mtu mwenye fimbo na heshima zake. Mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe, mwaka wa 2025, alikuja akakaa, akasema lile ambalo kila mtu alikuwa analisubiri.

"Shemeji, kijana aliacha neno lake. Neno la marehemu lisomwe siku ya kuganduka. Usilinyime masikio."

Mama Térence alisema neno la kuingilia amelisahau.

Alida alishangaa. Mwanamke yule alikumbuka namba za faili za watu waliokwisha kuhamia Australia. Lakini miaka saba ni miaka saba, na kilio hula kichwa, ndivyo Léoncie alivyosema. Basi Nehemiya akaamua mashine ipelekwe Mbarara kwa Conrad, aliyemfundisha marehemu, aifungue mbele ya mashahidi. Wakaifunga kwenye blanketi, pengine lile lile. Wakaenda watatu, Nehemiya na Mama Térence na Alida, ambaye aliombwa aende kwa kuwa macho yake yanasoma haraka.

Conrad alikuwa amezeeka. Alilia kwanza, bila aibu, mbele ya askari wawili waliokuja kuchukua simu zao. Kisha akafungua bati la pembeni, akapitisha kidole ndani, akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

"Mama, hii mashine iko mzee kuliko makoplo wote kule barracks. Lakini iko safi kuliko bunduki ya afande."

Akachomeka kitu, akawasha, akachapa. Hakuchukua hata nusu saa. Bata wa njano alifunguka.

Ndani yake hapakuwa na kitu.

Conrad alitafuta upande wa barua, upande wa picha, upande wa nyimbo. Alitafuta kwa majina, kwa tarehe. Alida aliinama karibu na skrini mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Hakuna hata mstari. Palikuwa peupe kama chumba ambacho mtu hajakihamia.

"Nyumba iko mtupu," Conrad akasema. Alitazama tarehe moja ndogo chini ya skrini, akaitazama tena, kisha akamtazama Mama Térence kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama Térence aliangalia chini.

"Afande," Nehemiya akauliza, "labda imejificha?"

"Hapana. Hakuna." Conrad akafunga bati mwenyewe, parafujo moja moja, wala hakuwaomba kitu.

Siku ya kuganduka watu walijaa uani. Kulikuwa na pombe ya ndizi kwenye madumu, mirija mirefu, wanakwaya wa kanisani wameketi kwenye mikeka. Muzamiru alikuja toka Kikagate na brashi ya pili, imefungwa kwenye nailoni ile ile. Nehemiya alisimama, akaegemea fimbo yake. Alisema Térence, mtoto wa fulani, hakuacha mke. Hakuacha mtoto. Aliacha mashine moja anayoitumia mama yake. Hapo alisita, maana alikuwa mtu mwadilifu na desturi haimruhusu kusema uongo siku ile.

"Alisema ameacha barua. Tulitafuta na shahidi. Barua haikuwemo."

Akakaa. Mirija ikarudi midomoni, na minong'ono ikaanza, ile ya watu wanaodhani wananong'ona.

"Kumbe alimdanganya tu mama."

"Vijana. Anakwambia nimekuandikia, hata kalamu hakushika."

"Miaka saba, mwenzangu. Miaka saba anapangusa sanduku tupu."

Mama Térence alikuwa amekaa katikati yao na mikono magotini. Alida aliona mdomo wake unafunguka, unafumba. Nehemiya alikuwa amekwisha kukaa. Lililotajwa limetajwa.

Jumamosi iliyofuata Alida alidhani hatamkuta. Alimkuta. Sanduku lilikuwa limelazwa ubavu, bati limetoka, na juu ya meza kulikuwa na brashi mbili zenye waya mwekundu, moja imechakaa mpaka nywele zimebaki vishina, nyingine bado nzima. Alikuwa anatumia ile iliyochakaa. Alida akachukua pampu bila kuambiwa, akazuia feni kwa kidole. Walifanya kazi hivyo kwa muda.

Alida sasa alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa na hasira, hasira ile ya kumtetea mtu, ambayo humwumiza anayetetewa kuliko mwingine yeyote.

"Hakukufanyia vizuri," akasema. "Térence. Angeandika hata mstari mmoja. Hata jina lako tu."

Brashi ikasimama.

"Usimseme vibaya."

"Si mimi. Ni watu wote wanasema."

"Nawasikia." Mama Térence aliiweka brashi chini, akafuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. "Weka pampu. Ulikuwa mdogo, unakula hindi, ukaniuliza kwa nini sisomi. Nikakupa pampu. Sasa kaa."

Alida akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka ule ule. Nilikuwa nimehesabu miezi miwili, nikasema, kesho nafungua, kesho namsoma. Lakini mashine ilikuwa nzito siku hizo, inakoroma tu. Nikasema, wacha kwanza niisafishe, barua ya mtoto isomwe fasi safi. Akirudi pia akute nimefuata maagizo yake. Kwenye daftari alikuwa ameandika, umwondoe Bob. Nikaweka daftari magotini. Alikuwa amechora vizuri: bonyeza hapa, halafu hapa, hapa, hapa. Mara nne. Nikabonyeza. Mashine ikanyamaza. Nikaona haikusikia. Nikarudia, hapa, hapa, hapa, hapa, macho yangu kwenye daftari. Mashine ilikuwa imesikia yote, mwanangu, ilikuwa inatembea polepole tu nyuma yangu. Ilimwondoa Bob. Bob alipotoka, Térence akapanda akakaa kwenye fasi yake pale juu. Na zile mara nne za pili zikamkuta yeye."

Nje lori lilipita. Dirisha lilikuwa wazi na hakuna aliyeinuka kulifunga.

"Iliniuliza kitu kwa Kiingereza, pengine iliniuliza kama nataka kweli. Mimi nilikuwa natazama mchoro. Nilipoinua macho nimebaki peke yangu, ua tu. Nilienda Mbarara mpaka mlangoni kwa Conrad. Alikuwa anacheka na maaskari wake. Ningemwambia nini? Nikarudi. Bata nilimrudisha mwenyewe, jina lake, picha yake, na neno la kuingilia nikaweka lile lile alilonipa, mtu asiingie aone ni patupu. Sikulisahau hata siku moja."

Alichukua brashi ile nzima, akaifungua kwenye nailoni yake, akaifunga tena.

"Barua ilikuwako, Alida. Térence hakudanganya mtu. Ni mimi sikungoja."